Kutoka Siku Kumi hadi Saa Tatu: Jinsi Kriketi Ilivyofupishwa, na Mpaka Ulioizuia Kufika Kasongo

Kriketi ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji kumi na mmoja kila moja, ambapo mrushaji wa timu moja hurusha mpira mgumu wa ngozi kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, na mpigaji wa timu ya pili huvilinda kwa gongo la mti huku akitafuta mikimbio, yaani pointi zinazopatikana kwa kukimbia kati ya ncha mbili za uwanja au kwa kuupeleka mpira nje ya mpaka. Vijiti hivyo huitwa wiketi, na jina hilohilo hutumika pia kuhesabu wapigaji waliotolewa, hivi kwamba timu iliyopoteza wiketi kumi huwa imemaliza zamu yake. Mipira sita mfululizo kutoka kwa mrushaji mmoja huitwa ova, na ova ndiyo kipimo ambacho historia hii yote inakizunguka, kwa sababu kufupisha kriketi ni kupunguza ova.

Kipimo hicho hakikupunguzwa na wachezaji kwa hiari yao. Kila mara kriketi ilipofupishwa, sababu ilikuwa ni muda na fedha: nani alikuwa na siku nzima ya kukaa uwanjani, nani alilipa kiingilio, na nani alikuwa kazini wakati mchezo ukiendelea. Jambo hilo huonekana waziwazi zaidi likitazamwa kutoka mahali ambapo mchezo wenyewe haukufika, na Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, ni mahali pa namna hiyo, ingawa katika karne ya kumi na tisa palikuwa pameunganishwa kwa njia ya misafara na bandari ambako kriketi ilishuka.

Njia ya Ujiji na vita vya 1892 hadi 1894

Kabla ya utawala wa Ubelgiji, Kasongo ilitazama mashariki. Misafara ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ilitoka pwani kupitia Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kuingia Kasongo, na sehemu kubwa ya mtaji wake ilitoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Pembe za ndovu na watumwa vilikwenda pwani kwa njia hiyo, na kwa njia hiyohiyo vilikuja vitambaa, bunduki, Uislamu na lugha ya Kiswahili, ambayo Maniema iliitwa Kingwana. Kwenye ncha ya mashariki ya njia, Waingereza walikuwa wameanza kufundisha michezo yao: huko Unguja, wanafunzi wa shule ya Kiungani, ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, walicheza mpira wa miguu na kriketi.

Waingereza waliofika Maniema walikuwa wapita njia. David Livingstone alikwama Kabambare kwa miezi kadhaa mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu, Cameron na Stanley wakapita miaka iliyofuata, lakini hakuna aliyebaki kujenga shule. Kisha majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, yaliiteka Kasongo mwezi Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Vita hivyo husimuliwa zaidi kama mwisho wa mamlaka ya Waarabu na Waswahili katika bonde la Lualaba, na hilo ni sawa, ila matokeo yake mengine yalikuwa ya polepole na hayakuandikwa katika ripoti yoyote ya kijeshi. Njia ya mashariki ilipoteza nguvu, mamlaka na shule zikaanza kutoka magharibi, na Maniema ikawekwa katika himaya ambayo watawala wake hawakuujua mchezo wa kriketi.

Walichokijua ni mpira wa miguu, na wamisionari wa Kikatoliki waliusimika kila palipokuwa na shule. Jijini Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 klabu ambayo baadaye ilikuja kuitwa Tout Puissant Mazembe. Mchezo huo ulihitaji mpira mmoja na dakika tisini tu, na hili la dakika si jambo dogo katika nchi ambayo, tangu sheria ya mwaka 1917, mkulima aliweza kulazimishwa kufanya kazi siku 60 kwa mwaka katika mashamba ya pamba na mazao mengine ya lazima. Mtu ambaye siku zake zimehesabiwa na msimamizi hawezi kucheza mchezo wa siku tano.

Mchezo wa wenye nafasi, 1877 hadi 1962

Mchezo wa siku tano ndio uliokuwa kilele cha kriketi. Mechi za kimataifa, ambazo kwa Kiingereza huitwa Test kwa maana ya mtihani, zilianza Melbourne mwaka 1877 kati ya Australia na Uingereza, na kila timu ilipewa zamu mbili za kupiga bila kikomo cha ova. Baadhi ya mechi hizo hazikuwa hata na kikomo cha siku. Ile ya Durban, kati ya Afrika Kusini na Uingereza, ilianza tarehe 3 Machi 1939 na kukomeshwa tarehe 14, ikiwa imefika siku ya kumi, huku Waingereza wakiwa na mikimbio 654 kati ya 696 waliyohitaji na wiketi tano bado mkononi. Mvua ilinyesha, meli ya kuwarudisha nyumbani ilikuwa ikisubiri Cape Town, wachezaji wakakimbilia garimoshi, na mechi ikahesabiwa kuwa sare. Ni vigumu kupata mfano bora wa mchezo uliobuniwa kwa watu ambao kazi zao zingeweza kungoja.

Nchini Uingereza kwenyewe, wachezaji waligawanywa katika matabaka mawili, waungwana waliocheza bila mshahara na wachezaji wa kulipwa, na uamuzi wa kuufuta mgawanyo huo ulitolewa mwishoni mwa mwaka 1962. Afrika Mashariki iliiga matabaka hayo na kuyatia rangi: Nairobi maafisa wa serikali walicheza dhidi ya walowezi, Wahindi walikuwa na klabu zao kama Sir Ali Muslim Club na Nairobi Gymkhana, na Waafrika kwa muda mrefu waliutazama mchezo kutoka nje ya kamba. Uganda ilitofautiana kidogo, kwa kuwa King's College Budo na Busoga College Mwiri ziliwafundisha vijana wa Kiafrika tangu mapema, na zao la shule hizo ndilo lililouokoa mchezo baadaye.

Siku moja, 1962 hadi 1975

Kufutwa kwa waungwana hakukutokea peke yake. Watazamaji wa mechi za siku tatu kati ya majimbo ya Uingereza walikuwa wamepungua sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na klabu zilikuwa zikifilisika. Mwaka 1962 Mike Turner, katibu wa klabu ya Leicestershire, alizikusanya klabu nne katika shindano dogo ambalo kila mechi ilimalizika siku moja. Mwaka uliofuata kampuni ya nyembe ya Gillette ilidhamini shindano la majimbo yote, kila timu ikipewa zamu moja ya ova 65, na mwaka 1969 ikaja ligi ya Jumapili ya ova 40. Jumapili ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku ambayo mfanyakazi wa kiwanda alikuwa huru, na kwa hiyo kriketi ilianza kumfuata mtazamaji badala ya kumngoja.

Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilipatikana kwa bahati. Mvua ilikuwa imeiharibu mechi ndefu ya Melbourne, na tarehe 5 Januari 1971 wakuu waliamua kuchezesha mechi fupi ili kufidia hasara, wakashangaa kuona watu wapatao 46,000 wakiingia uwanjani. Wanawake walikuwa wa kwanza kuiandalia kriketi ya siku moja Kombe la Dunia, mwaka 1973 nchini Uingereza, kwa juhudi za Rachael Heyhoe Flint na fedha za tajiri Jack Hayward. Wanaume walifuata mwaka 1975, wakicheza ova 60.

Hata hivyo, kufupisha sheria hakukufupisha fikra. Siku ya ufunguzi wa Kombe hilo la 1975, Uingereza ilipata mikimbio 334, naye Sunil Gavaskar wa India, mmoja wa wapigaji hodari wa zama zake, alibaki uwanjani ova zote 60 na kupata mikimbio 36 tu, kana kwamba bado kulikuwa na siku nne mbele yake.

Zaire 1974, Afrika Mashariki 1975

Kati ya timu nane za Kombe hilo, moja iliitwa Afrika Mashariki, nayo iliunganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Wengi walikuwa Waasia, na upande wa Uganda ulikuwa umepata pigo, kwa sababu Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia mwaka 1972 na kuziacha klabu za Kampala bila watu. Mwandishi John Nagenda alikuwa miongoni mwa Waganda weusi wachache waliopata nafasi. Timu ilipoteza mechi zake zote tatu: New Zealand ilifunga mikimbio 309, 171 kati ya hiyo ikiwa ya Glenn Turner peke yake, India ikashinda bila kupoteza hata wiketi moja, na Uingereza ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 196.

Mwaka mmoja kabla, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Zaire ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika jijini Cairo na kwenda Ujerumani Magharibi kama timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara katika Kombe la Dunia la mpira wa miguu, nayo pia ikapoteza mechi tatu, ikiwemo ile ya mabao 9 kwa 0 dhidi ya Yugoslavia. Timu mbili za pande jirani ziliingia jukwaa la dunia takriban wakati mmoja, kila moja kwa mchezo wa mkoloni wake, na zote mbili zikapigwa. Tofauti ni kwamba kipigo cha Zaire kiliwauma watu hadi vijijini Maniema, kwa kuwa vijiji vingi vilikuwa na uwanja, ilhali kipigo cha Afrika Mashariki kilipita bila kelele hata Nairobi.

Nairobi, 1996

Ova 60 zilipunguzwa kuwa 50 katika Kombe la Dunia la 1987, baada ya tajiri wa televisheni wa Australia, Kerry Packer, kuwa ameleta tangu 1977 nguo za rangi, mpira mweupe na taa za usiku. Kenya ilikuwa imejitenga na timu ya pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kizazi kipya cha Waafrika, akina Steve Tikolo, Maurice Odumbe na Thomas Odoyo, kilikuwa kimejifunza mchezo kandokando ya viwanja vya klabu za Wahindi. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya iliyopata mikimbio 166 tu iliwatoa West Indies wote kwa 93. Katika mechi ya siku tano ushindi huo usingewezekana, na hapo ndipo umuhimu wa ufupi kwa wanyonge ulipoonekana waziwazi: muda mfupi humpa dhaifu nafasi ya kuwahi kabla mwenye nguvu hajajipanga.

Miezi saba baadaye, Nairobi yenyewe ilionyesha mustakabali wa mchezo. Tarehe 4 Oktoba 1996, kwenye uwanja wa Gymkhana, katika mashindano ya kuadhimisha karne moja ya kriketi ya Kenya, kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi, aliyeandikishwa kuwa na umri wa miaka 16, aliingia kupiga dhidi ya Sri Lanka akiwa na gongo lililotoka kwa Sachin Tendulkar wa India, na kwa mipira 37 akafikisha mikimbio 100. Mara kumi na moja aliuvusha mpira mpaka bila kugusa chini, jambo linaloleta mikimbio sita kila linapotokea. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 17. Waliokuwa Gymkhana siku hiyo waliona, kabla ya jina kupatikana, aina ya kriketi ambayo dunia ingeinunua.

Ova ishirini, 2003

Wazo la kupunguza zaidi lilikuwa limeshaanza kuzunguka. Mwaka huohuo wa 1996, Martin Crowe wa New Zealand alibuni mchezo alioupa jina la Cricket Max, ambapo kila timu ilipiga mara mbili kwa ova kumi kila mara, na mpira uliopigwa kuelekea eneo maalumu nyuma ya mrushaji uliongezewa thamani maradufu. Ulivutia, lakini kanuni zake zilikuwa nyingi mno na haukuenea. Aliyefaulu hakuwa mchezaji mashuhuri bali ofisa wa masoko, Stuart Robertson wa Bodi ya Kriketi ya England na Wales, na kilichomsukuma kilikuwa ni pengo la fedha: sheria ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya tumbaku, na kombe la siku moja lililodhaminiwa na kampuni ya sigara ya Benson & Hedges lilimalizika mwaka 2002.

Robertson na wenzake waliwauliza watu kwa nini hawaendi uwanjani, hasa vijana, wanawake na wenye watoto, na jibu lililojirudia ni kwamba mchezo ulikuwa mrefu na ulichezwa saa za kazi. Pendekezo lake lilikuwa rahisi kuliko la Crowe: ova 20 kwa kila timu, mechi ianze jioni baada ya kazi na imalizike kwa takriban saa tatu, na mpigaji mpya awe amefika mahali pake ndani ya sekunde 90. Kwa kweli wafanyakazi wa vijiji na miji ya Uingereza walikuwa wakicheza ova 20 jioni za kiangazi kwa miaka mingi, bila mtu yeyote kuwaita wavumbuzi. Robertson aliichukua desturi ya watu wasio na nafasi na kuipandisha ngazi ya wataalamu, na wenyeviti wa klabu waliipitisha kwa kura 11 dhidi ya 7.

Mechi za kwanza zilichezwa tarehe 13 Juni 2003. Mwezi Julai 2004, mechi ya Middlesex na Surrey iliujaza uwanja wa Lord's kwa zaidi ya watu 26,000, idadi ambayo mechi ya majimbo isiyo fainali haikuwa imeiona hapo kwa miongo kadhaa. Safari hii pia wanawake walitangulia kimataifa, Agosti 2004, kati ya Uingereza na New Zealand. Wanaume wa New Zealand na Australia walipofuata Februari 2005 jijini Auckland, walivaa sare za miaka ya 1980 na wengine wakafuga masharubu ya zamani, kwa kuwa wengi wao waliuona mchezo huo kuwa mzaha.

Fedha ziliumaliza mzaha. India, ambayo bodi yake haikuupenda muundo huo, ilitwaa Kombe la kwanza la Dunia la ova 20 nchini Afrika Kusini mwaka 2007 kwa kuifunga Pakistan kwa mikimbio 5, na Aprili 2008 ikaanzisha ligi ya IPL iliyowafanya wachezaji wa kriketi kuwa mamilionea. Kenya ilikuwepo mwaka 2007, lakini wapigaji wake wote walitolewa na New Zealand kwa mikimbio 73, kisha Sri Lanka ikafunga 260 dhidi yake. Nchi iliyokuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50 mwaka 2003 ilikuwa imeanza kuporomoka kwa migogoro ya uongozi na ukosefu wa fedha, na ufupi wa mchezo haukuweza kuiokoa.

Mlango wa nchi ndogo, 2018 hadi 2024

Mwaka 2018 Baraza la Kimataifa la Kriketi liliamua kuwa mechi za ova 20 kati ya wanachama wake wote zihesabiwe rasmi kuwa za kimataifa. Uamuzi huo ulileta matokeo ya ajabu, kama yale ya Juni 2019 jijini Kigali, ambapo wanawake wa Uganda walifunga mikimbio 314 na kuwatoa wenzao wa Mali kwa 10. Wapo waliocheka. Lakini bila mechi za namna hiyo hakuna njia ya mgeni kuingia, na Kigali yenyewe ndiyo ushahidi.

Rwanda ilitawaliwa na Ubelgiji kama Kongo, na kabla ya 1994 kriketi haikuwa mchezo wa Wanyarwanda. Waliouleta ni wakimbizi waliorudi kutoka Uganda na Kenya baada ya mauaji ya kimbari, wakiwa wameujifunza katika shule za huko. Walichezea Kicukiro, jijini Kigali, kwenye eneo la shule ya ufundi ambako Aprili 1994, walinzi wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji walipoondoka, watu wapatao 2,000 waliokimbilia hapo waliachwa mikononi mwa wauaji. Uwanja mpya wa kriketi wa Gahanga, jijini humo, ulifunguliwa Oktoba 2017. Januari 2023, katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 nchini Afrika Kusini, Rwanda iliwashinda Zimbabwe na kisha West Indies. Novemba 2023 Uganda nayo iliishinda Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la wanaume, na Juni 2024 huko Guyana ikaifunga Papua New Guinea, mrushaji Frank Nsubuga mwenye umri wa miaka 43 akiruhusu mikimbio 4 tu katika ova zake nne.

Mfano wa Rwanda unaeleza kwa nini Maniema imebaki nje vizuri kuliko hoja yoyote juu ya urefu wa mchezo. Muundo wa ova 20 uliondoa kikwazo cha muda, lakini mchezo hubebwa na watu wanaorudi kuishi na kufundisha, si na sheria zake. Wanajeshi wa Pakistan, India na Bangladesh, nchi zinazoipenda kriketi kupita kiasi, walikuwa mashariki mwa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa kwa takriban miongo miwili, na mchezo haukutoka kwao kuingia shuleni, kwa kuwa askari huishi kambini na huondoka zamu yake ikiisha. Wakati huohuo mpira wa miguu uliendelea kukua, hadi klabu ya AS Maniema Union ya Kindu ikafika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika msimu wa 2024/25.

Hadi mwaka 2024, kati ya nchi tatu za eneo hili zilizotawaliwa na Ubelgiji, Rwanda peke yake ndiyo iliyokuwa mwanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazikuwemo.